Vihusishi vya Kihispania kwa Mjuzi wa Kinyarwanda na Kiswahili: Uchambuzi kutoka Rubavu

Kihusishi ni neno linaloonyesha uhusiano uliopo kati ya neno moja na jingine katika sentensi, uwe uhusiano wa mahali, wa wakati, wa sababu, wa chombo au wa kusudi. Katika Kihispania maneno ya aina hiyo ni machache, kiasi kwamba mwanafunzi mwenye bidii anaweza kuyakariri yote kwa jioni moja: «a», «ante», «bajo», «con», «contra», «de», «desde», «en», «entre», «hacia», «hasta», «para», «por», «según», «sin», «sobre» na «tras», pamoja na mawili matatu yaliyochakaa na mengine, kama vile «durante» na «mediante», ambayo sarufi mpya ya Akademia ya Kifalme ya Kihispania iliyotolewa mwaka 2009 inayaweka katika kundi hilo. Pamoja na uchache wake, maneno haya ndiyo yanayochelewa zaidi kukaa sawa kinywani mwa mgeni. Mtu aliyekwisha kuzoea nyakati za vitenzi, ambazo katika Kihispania ni nyingi na zenye vighairi vingi, bado hujikwaa kati ya «a» na «en», au kati ya «por» na «para», miaka kadhaa baada ya kuacha darasa.

Sababu inayotolewa mara nyingi ni kwamba vihusishi havina maana thabiti na kwa hiyo havifundishiki, vinangoja tu mazoea. Maelezo hayo yana ukweli kidogo, lakini yanaficha jambo kubwa zaidi. Kila lugha ina mahali pake pa kuweka uhusiano: lugha moja huuweka katika neno linalojitegemea, nyingine huuweka mwishoni mwa nomino, nyingine huuingiza ndani ya kitenzi chenyewe. Anayejifunza lugha mpya hupata shida pale ambapo mzigo umehamishwa kutoka sehemu moja ya sentensi hadi nyingine, kwa sababu hajui kwamba kuna kitu cha kutafutwa mahali hapo papya. Kwa mzungumzaji wa lugha ya Kibantu anayeanza Kihispania, uhamisho huo ndio kiini cha somo lote, na vitabu vingi vinavyomfikia havimwambii, kwa kuwa viliandikwa kwa ajili ya msomaji wa Kifaransa au wa Kiingereza, ambaye uhusiano kwake umekuwa siku zote ndani ya neno dogo linalojitegemea.

Wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, yenye mji wa Gisenyi ukingoni mwa Ziwa Kivu, ni mahali pazuri pa kulichunguzia suala hili. Mji huo umeshikana na Goma ya Kongo, na katika nyakati ambazo mpaka uko wazi maelfu kwa maelfu ya watu huvuka kwa miguu kila siku kupitia kituo cha mpakani cha Petite Barrière wakiwa na mboga, maziwa, unga na vitambaa. Kinyarwanda ndicho lugha ya nyumbani, na Kiswahili kilifika tangu enzi za utawala wa Kijerumani, kikakuzwa na biashara ya mpakani, kikapewa hadhi ya lugha rasmi ya nchi mwaka 2017, miaka 10 baada ya Rwanda kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kifaransa ni lugha ya shule kwa kizazi kilichosoma kabla ya mwaka 2008, ambapo serikali iliamua kwamba masomo yafundishwe kwa Kiingereza. Kihispania nacho hakiko mbali kama ramani inavyodokeza. Kwa miaka mingi kikosi cha wanajeshi wa Uruguay kiliwekwa Goma chini ya ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, na wapenzi wa kandanda wa pande zote mbili za mpaka wanayafahamu majina ya wachezaji wa Madrid na Barcelona kuliko wanavyoyafahamu ya wachezaji wa ligi zao wenyewe. Mwanafunzi wa Rubavu anayeamua kujifunza Kihispania huwa basi analeta mezani lugha tatu au nne, na swali la maana ni kujua kila mojawapo inamsaidia wapi na inampotosha wapi.

Uhusiano wa mahali ndio wa kuanza nao. Katika Kinyarwanda unaonyeshwa na vijineno vitatu vinavyotangulia nomino: «mu», kinachotaja ndani ya kitu, «ku», kinachotaja juu ya kitu au penye kitu, na «i», kinachotumiwa hasa na majina ya miji. Nomino ikitanguliwa na «mu» au «ku» kwa kawaida hupoteza irabu yake ya mwanzo, hata «inzu» (nyumba) ikawa «mu nzu», na «ameza» (meza) ikawa «ku meza». Kiswahili sanifu hufanya kazi hiyo kwa kiambishi «-ni» kinachobandikwa mwishoni mwa nomino, kisha huacha ngeli za mahali, yaani PA, KU na MU, zieleze kama ni mahali mahususi, mahali pa jumla au ndani: kitabu kipo mezani, kiko mezani, kimo sandukuni. Kiswahili cha Goma, ambacho ndicho kinachosikika zaidi mpakani, kimekaa katikati, kwa kuwa msemaji wake husema «niko mu nyumba» na «naenda ku soko», akitanguliza kijineno kama afanyavyo msemaji wa Kinyarwanda.

Kitu kimoja kinaziunganisha namna zote tatu, nacho ndicho kinachoamua hatima ya mwanafunzi wa Kihispania. Kijineno au kiambishi cha mahali hutaja mahali tu, hakitaji mwelekeo. Kama mtu yupo, anakwenda au anatoka, hilo ni jukumu la kitenzi. Katika Kinyarwanda mtu «ari i Goma», «ajya i Goma» na «ava i Goma», yaani yuko, anakwenda na anatoka, na «i» haibadiliki kamwe. Katika Kiswahili mtu yuko sokoni, anakwenda sokoni, anatoka sokoni, na «-ni» ni ileile. Kihispania kinadai maneno matatu tofauti: «está en el mercado», «va al mercado», «viene del mercado», ambapo «al» ni muungano wa «a» na kibainishi «el», na «del» ni muungano wa «de» na «el». Kitenzi cha Kihispania kimekwisha kusema kwamba mtu anakwenda au anatoka, na bado kihusishi kinalazimika kurudia habari hiyo. Kwa sikio la Kibantu marudio hayo hayana faida, na lugha ya mtu daima humshawishi aache kile asichoona faida yake.

Ushahidi kwamba kishawishi hicho si cha kubuni unapatikana Guinea ya Ikweta, nchi pekee ya Afrika yenye kura katika Umoja wa Mataifa ambayo Kihispania ni lugha yake rasmi, na ambayo wananchi wake wengi huzungumza Kifang au Kibubi, lugha za Kibantu. John Lipski, mwanaisimu wa Marekani aliyechapisha utafiti juu ya Kihispania cha huko mwaka 1985, na baada yake Antonio Quilis na Celia Casado-Fresnillo katika kitabu chao cha mwaka 1995, walionyesha kwamba wazungumzaji wengi husema «voy en Bata» pale ambapo Mhispania angesema «voy a Bata», wakimaanisha kwamba wanakwenda mji wa Bata. Msumbiji, ambako lugha rasmi ni Kireno, nako watu husema «vou na escola», ninakwenda shuleni, kwa kihusishi ambacho Kireno cha Lisbon hukitumia kwa kukaa na si kwa kwenda. Si lazima chanzo kiwe kimoja kila mahali, kwani Kireno cha Brazili nacho kina tabia hiyo, na wanaojifunza lugha ya pili popote duniani hupenda kupunguza tofauti. Lakini mwalimu wa Rubavu anayesikia «voy en Kigali» darasani anapaswa kutambua kwamba mwanafunzi wake hakukosa umakini: ameihamisha sarufi kamili, yenye mantiki yake, kutoka lugha moja kwenda nyingine.

Hapa ndipo Kifaransa kinapoingia, nacho kinaleta hasara kubwa kuliko inavyodhaniwa. Watu wengi husema kwamba ajuaye Kifaransa amekwisha kufika nusu ya njia ya Kihispania, na kwa upande wa msamiati ni kweli. Kwa upande wa vihusishi, Kifaransa kinaimarisha kosa lilelile ambalo lugha za Kibantu zilikuwa tayari zinalichochea, kwa sababu «à» ya Kifaransa hutaja kukaa na kwenda kwa pamoja: «je suis à Goma» na «je vais à Goma». Vilevile «en» ya Kifaransa huandamana na majina ya nchi hata katika mwendo, «je vais en Espagne», na mwanafunzi aliyezoea hivyo huandika «voy en España» bila wasiwasi wowote, ilhali sahihi ni «voy a España». Mtu huyo anakosea kwa sababu lugha mbili zilizo mbali kabisa kwa asili zinampa ushauri mmoja, na ushauri wa mashahidi wawili ni mgumu kuukataa.

Hata hivyo, upo upande ambao Kihispania kinamkaribisha mzungumzaji wa Kibantu kwa ukarimu kuliko Kiingereza. Leonard Talmy, mwanaisimu wa Marekani, alizigawa lugha katika makundi mawili kwa kuangalia mahali zinapoweka njia ya mwendo: baadhi huiweka ndani ya kitenzi, na nyingine huiweka katika kijineno kinachofuata kitenzi. Kiingereza ni cha kundi la pili, na ndiyo maana mwanafunzi wake huteseka na vitenzi vyenye mikia inayobadilisha maana yote. Kihispania ni cha kundi la kwanza: «entrar», «salir», «subir», «bajar» na «cruzar» vinasimama sambamba na ingia, toka, panda, shuka na vuka, na vilevile na «kwinjira» na «gusohoka» vya Kinyarwanda. Mwanafunzi wa Rubavu hahitaji kujifunza namna mpya ya kuufikiria mwendo. Anahitaji tu kuongeza, baada ya kitenzi anachokielewa vizuri, neno dogo ambalo kitenzi hicho kinalidai.

Jambo jingine la kutia moyo ni kihusishi «en» chenyewe, ambacho hakitofautishi ndani na juu. Kitabu kilichoko juu ya meza ni «en la mesa», na kilichoko ndani ya sanduku ni «en la caja». Msemaji wa Kinyarwanda, ambaye «ku» na «mu» zake hazichanganyiki, huhisi kwamba amenyang'anywa kitu cha lazima, hivyo hukimbilia «sobre» na «dentro de» kila mara mpaka sentensi zake zinakuwa nzito. Hapo Kiswahili ndicho kinachomtuliza, kwa kuwa mezani na sandukuni hubeba kiambishi kimoja. Pale usahihi unapohitajika kweli, Kihispania kina vihusishi vya maneno mawili ambavyo muundo wake ni uleule wa Kiswahili, yaani neno la mahali likifuatwa na kiunganishi cha umiliki: juu ya ni «encima de», chini ya ni «debajo de», mbele ya ni «delante de», nyuma ya ni «detrás de», ndani ya ni «dentro de». Sehemu hii haihitaji masomo mengi. Vivyo hivyo na «desde» na «hasta», ambavyo vinafuata njia ya «kuva i Gisenyi kugera i Kigali» ya Kinyarwanda na kutoka hadi ya Kiswahili. Na «hasta» hiyo ya Kihispania inatokana na neno lilelile la Kiarabu lililotupatia «hata», ambayo katika nathari ya zamani ya Kiswahili bado ilikuwa na maana ya mpaka.

Ugumu unarudi pale neno moja la Kiswahili linapovunjika vipande vingi. Mfano mkubwa ni «kwa». Mtu husafiri kwa miguu, hukata kwa kisu, huongea kwa simu, huenda kwa basi, hulala kwa shangazi yake, hulia kwa uchungu, huuza kwa faranga elfu moja. Kihispania kinagawanya kazi hizo: «a pie», «con cuchillo», «por teléfono», «en autobús», «en casa de su tía», «de dolor», «por mil francos». Kinyarwanda kingeweza kumwonya mwanafunzi kwamba kazi hizi si moja, kwa kuwa kwake «kwa» ni ya nyumbani kwa mtu tu, kama katika «kwa muganga», wakati chombo na usafiri huchukua «na»: «n'amaguru» kwa miguu, «n'icyuma» kwa kisu, «n'imodoka» kwa gari. Lakini «na» nayo ina mtego wake katika lugha zote mbili, hasa inapomtaja mtenda katika sentensi ya kutendwa. Kitabu kilichoandikwa na mwalimu, «cyanditswe na mwarimu», ni «escrito por el profesor». Anayesema «escrito con el profesor» amemfanya mwalimu kuwa mshiriki wa kuandika badala ya mwandishi. Kiswahili kinaongeza orodha: karibu na ni «cerca de», tofauti na ni «diferente de», sawa na ni «igual a», kukutana na ni «encontrarse con», na kila kimoja hakina budi kujulikana kivyake.

Swali lenye uzito mkubwa kuliko yote ni lile la «por» na «para», ambalo vitabu hulieleza kwa orodha ndefu za matumizi zisizokumbukika. Ili kulielewa kwa macho ya Kibantu inafaa kwanza kutazama kauli ya kutendea, yaani mnyambuliko wa kitenzi unaopatikana kwa kuongeza «-i-» au «-e-» katika Kiswahili na «-ir-» au «-er-» katika Kinyarwanda: andika huwa andikia, «kwandika» huwa «kwandikira». Kiambishi hicho huingiza katika sentensi mtu au kitu kipya bila kutumia kihusishi chochote, na Kinyarwanda kimeuendeleza utaratibu huo kwa kiwango ambacho kimeshangaza wanaisimu wa dunia nzima. Alexandre Kimenyi, Mnyarwanda aliyefundisha California, katika kitabu chake cha mwaka 1980 juu ya sarufi ya uhusiano ya Kinyarwanda, alionyesha kwamba hata chombo kinaweza kuingizwa ndani ya kitenzi: mtu «yandika n'ikaramu», anaandika kwa kalamu, au «yandikisha ikaramu», ambapo kihusishi kimetoweka na kalamu imekuwa yambwa, yaani kitu kinachopokea tendo moja kwa moja.

Kwa hiyo mtu aliyekulia katika lugha hizi hajazoea kujiuliza ni uhusiano upi hasa unaounganisha tendo na mtu anayehusika. Kiambishi kimoja humtosha. Sentensi «ninamfanyia kazi kaka yangu» inaweza kuwa na maana kwamba kaka ndiye mwajiri, au kwamba kaka ni mgonjwa na mdogo wake ameshika zamu yake. Kihispania hakiruhusu mashaka hayo: «trabajo para mi hermano» humtaja mwajiri, «trabajo por mi hermano» humtaja mtu ambaye kazi inafanywa badala yake au kwa ajili ya kumfaa. Kulilia, kupigania, kuogopea, vitenzi ambavyo ndani yake mtu au kitu ni chanzo cha tendo, vyote huelekea «por»: «llorar por», «luchar por», «temer por». Kununulia, kupikia na kuletea, ambavyo mtu ndiye anayefikiwa na kitu, huelekea «para», au mara nyingi zaidi huchukua kiwakilishi «le» bila kihusishi, kama katika «le compré un libro», nilimnunulia kitabu, ambapo Kihispania chenyewe kinafanana mno na Kiswahili.

Namna nzuri ya kutenganisha viwili hivyo ni kuuliza kama uhusiano unatazama mbele au unatazama nyuma. «Para», ambayo katika Kihispania cha kale iliandikwa «pora», yaani «por» iliyoungana na «a» ya mwelekeo, hutazama mbele daima, kwenye lengo, kwenye mpokeaji, kwenye mwisho wa muda, kwenye mji unaokusudiwa. Palipo na «ili» ya Kiswahili au «kugira ngo» ya Kinyarwanda, Kihispania kina «para». «Por» hutazama kile kilichotangulia au kinachopitiwa: sababu, mtenda, njia, na thamani iliyotolewa. Palipo na «kwa sababu ya» au «kubera», pana «por». Palipo na kupitia, pana «por». Na «kwa» ya sokoni, iwe ya bei, ya kipimo au ya mabadilishano, mara nyingi ni «por». Mchuuzi anayebadilisha faranga za Rwanda kwa dola karibu na Petite Barrière, anayeuza viazi kwa faranga kadhaa, anayepitia njia ya mpakani na kulipa kwa niaba ya mwenzake, ana «por» nne katika asubuhi moja ya kazi yake, na hana haja ya orodha ya kitabuni ili azione. Mtego unaobaki ni «kwa ajili ya», ambayo hutumika pande zote mbili, na ile «-a» ya umiliki inayotaja kusudi, kwa kuwa dawa ya kikohozi ni «medicina para la tos» na maji ya kunywa ni «agua para beber», wakati kitabu cha mtoto kinaweza kuwa «el libro del niño» kama ni mali yake au «un libro para niños» kama kiliandikwa kwa wasomaji wa umri huo.

Pengine faida kubwa zaidi ambayo Kiswahili kinampa mwanafunzi, na ambayo karibu haitajwi, inahusu ile «a» inayotangulia yambwa iliyo mtu. Kihispania husema «veo la casa», ninaiona nyumba, lakini «veo a mi madre», ninamwona mama. Wanafunzi wanaotoka katika Kifaransa au Kiingereza hawana kitu cha kufananisha nayo, nao huisahau daima. Mzungumzaji wa Kiswahili sanifu ana kitu hicho kila siku ulimini mwake, kwa sababu kiambishi cha yambwa kinalazimika kuonekana ndani ya kitenzi pale yambwa inapokuwa mtu anayejulikana: husemwa «nimemwona Juma», na «nimeona Juma» inachukiza sikio. Ulinganifu unakwenda mbali zaidi. Anayesema «natafuta daktari» anamtaka daktari yeyote, na Mhispania angesema «busco un médico». Anayesema «namtafuta daktari» ana daktari fulani akilini, na Mhispania angesema «busco a un médico» au «busco al médico». Lugha mbili ambazo hazina undugu wowote zimechagua kuweka mpaka mahali pamoja, kati ya mtu mahususi na mtu asiye mahususi. Kinyarwanda hakisaidii hapa, kwani kwa kawaida kiambishi cha yambwa hakikai pamoja na nomino yenyewe ikiwa mahali pake baada ya kitenzi, na Kiswahili cha mitaani nacho hukilegeza mara nyingi. Mwanafunzi aliyefundishwa Kiswahili sanifu shuleni ana ufunguo ambao mwenzake aliyesoma kwa Kifaransa peke yake hana, na ni hasara kubwa kama hakuna anayemwambia kwamba anao.

Kuhusu wakati hakuna haja ya kukaa sana. Kiswahili huwa hakitumii kihusishi chochote kwa siku, saa na sehemu za siku, hivyo mwanafunzi hana cha kuhamisha isipokuwa ukimya wake, na ukimya huo ni sahihi kwa siku za wiki tu, «el lunes», wakati saa hudai «a» na miezi na miaka hudai «en».

Baki la kazi ni vitenzi vinavyodai kihusishi kisichotabirika kwa maana. «Soñar» hudai «con», «pensar» hudai «en», «depender» hudai «de», «enamorarse» hudai «de», na hakuna mantiki ya mahali wala ya sababu inayoweza kumfikisha mtu huko. Kifaransa kinapotosha tena katika viwili vya kwanza, kwa kuwa chenyewe husema «rêver de» na «penser à». Kiingereza kinapotosha katika «depender», ambayo wengi huiwekea «en». Kiswahili, kwa kuwa aghalabu kinaunganisha kitenzi na kitu bila neno la kati, kama katika kuota, kufikiria na kupenda, kinamwacha mwanafunzi bila ushauri mbaya, na kukosa ushauri ni afadhali. Kinachofaa ni kitenzi kuandikwa daftarini tangu siku ya kwanza pamoja na kihusishi chake ndani ya sentensi nzima, na kamusi za wanafunzi ziache kuandika kwamba «en» ni katika, kwa sababu mtu aliyetoka katika mkutano «salió de la reunión», na katika hiyo haikuwa «en» hata kidogo.

Linabaki swali la Kihispania kipi kifundishwe, kwani vihusishi hubadilika kulingana na nchi. Madrid husema «entrar en la casa». Sehemu kubwa ya Amerika husema «entrar a la casa», na Akademia inazikubali zote mbili. Mexico na Amerika ya Kati zina «hasta» inayotaja mwanzo wa tendo badala ya mwisho wake, hata «abre hasta las nueve» ikawa na maana kwamba duka halifunguliwi mpaka saa tatu, jambo linalomshangaza Mhispania na ambalo mwanafunzi anaweza kuliacha mpaka atakapolihitaji. Uruguay na Argentina, kwa upande wao, zina njia fupi ya kutaja nyumbani kwa mtu: pale Madrid inaposema «voy a casa de Juan», watu wa Montevideo husema «voy a lo de Juan», nao hukaa «en lo de Juan» na hurudi wakitoka «de lo de Juan». Neno hilo «lo de» linafanya kazi ileile ya «kwa» ya Kinyarwanda na ya Kiswahili, likitaja mahali kwa jina la mwenyeji wake, huku «a», «en» na «de» zikikaa mbele yake bayana, kila moja ikiwa na mwelekeo wake. Kwa darasa la Gisenyi zoezi la kwanza la vihusishi lingeweza kujengwa juu ya sentensi hizo tatu, kabla ya jedwali lolote la sarufi kufunguliwa, kwa sababu ndani yake mwanafunzi huona sehemu anayoijua tayari na sehemu mpya zikiwa zimetengana, na anajua ni ipi kati ya hizo anayopaswa kuitia bidii.